Mtoto Anayetumwa Akaelewa: Namna Watoto Wadogo Wanavyojifunza Maana za Maneno

Katika kliniki ya mama na mtoto, baada ya mizani na kabla ya kadi kurudishwa, huulizwa swali moja linalochukua muda mfupi kuliko mengine yote: "Ameanza kusema?" Mama hujibu ndiyo au bado, kisha huitwa mwingine. Swali si baya, ila halifiki mbali. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa hatamki maneno kumi, ilhali anaelewa mia na zaidi. Mwingine anaweza kurudia kila anachosikia kama kasuku, asijue hata kimoja kina maana gani. Watoto hawa wawili wanahitaji mambo tofauti kabisa, na swali hilo haliwezi kuwatenganisha. Tena humtia hofu mama wa yule aliye salama, na kumpitisha yule anayepaswa kuangaliwa zaidi.

Ugumu huu huongezeka mahali kama Itiryo, kata ya Wilaya ya Tarime mkoani Mara. Huko mtoto huanza na Kikuria, lugha ya Kibantu inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya na kuenea hadi Wilaya ya Serengeti. Kiswahili hukutana nacho redioni, gulioni, kanisani, na hasa siku anapoingia shule. Katika Wilaya ya Tarime na jirani zake wapo pia Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, na ndoa na biashara huweza kuzikutanisha lugha hizo ndani ya boma moja. Muuguzi aliyepangiwa kazi huko anaweza kuwa amezaliwa Mbeya au Tanga. Anapomwuliza mtoto kwa Kiswahili, "Pua yako iko wapi?" na mtoto akamkodolea macho, bado hajajua kama mtoto hasikii, haelewi, anamwogopa mgeni, au hajawahi kuisikia pua ikiitwa pua.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo, inafaa kufahamu kwanza mtoto hulipataje neno na maana yake.

Tatizo la ng'ombe

Watu wazima husahau jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Mwaka 1960 mwanafalsafa wa Marekani, W. V. Quine, aliieleza kwa mfano uliopata umaarufu. Mgeni yuko katika nchi ambayo lugha yake haijui. Sungura anapita mbio, na mwenyeji anatamka neno ambalo mgeni hajapata kulisikia. Mgeni ataandika kuwa neno hilo ni "sungura". Lakini je, haliwezi kuwa na maana ya mnyama yeyote, au mkia, au mbio, au kitoweo? Hakuna kitu katika tukio lenyewe kinachoamua.

Mfano huo waweza kuhamishiwa Itiryo bila kupoteza chochote. Tuseme mtoto wa miezi kumi na minne yuko mgongoni mwa dada yake jioni, na ng'ombe wanarudi. Dada ananyoosha kidole na kutamka neno. Ni jina la mnyama? La huyo mmoja peke yake, kama jina la mtu? La rangi yake, ambayo wafugaji huitaja sana? Ni pembe? Ni amri ya kutazama? Au ni onyo, kwa kuwa ng'ombe ana ndama na hapendi kusogelewa? Mtoto hawezi kuuliza, maana kuuliza kwenyewe kunataka maneno. Hata hivyo mara nyingi hukisia sawa, na utafiti wa miaka hamsini iliyopita umeonyesha, kwa sehemu, jinsi anavyofanya hivyo.

Siri ya kwanza ni kwamba mtoto hatazami kitu tu, humtazama mtu. Dare Baldwin alionyesha mwaka 1991 kuwa watoto wa umri wa takriban mwaka mmoja na nusu, wanaposikia jina jipya, huinua macho kuona msemaji anatazama wapi. Ikiwa mtoto ameshika kitu kimoja mkononi, na mtu mzima anataja jina huku akikitazama kingine, mtoto halibandiki jina hilo kwenye kitu alichoshika. Analielekeza kule yaliko macho ya msemaji. Jambo hili lina uzito kwa mhudumu wa afya. Mtoto asiyefuata kidole wala macho ya mwenzake amekosa mlango ambao wengine huupitia kila saa, na upungufu huo waweza kuonekana mapema kuliko kuchelewa kusema.

Mtoto pia ana mazoea yake ya kukisia, ambayo Ellen Markman na wenzake waliyachunguza katika miaka ya 1980. Jina jipya hulipa kitu kizima kabla ya kufikiria sehemu yake. Na kama mbele yake pana kikombe, ambacho jina lake analijua, pamoja na chombo asichokijua, neno geni hulipeleka kwa kile ambacho hakijapata jina. Mazoea haya si sheria. Watoto wanaokua na lugha mbili huyategemea kidogo kuliko wenzao, kwa sababu wamekwisha kugundua kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mawili, moja la bibi na moja la redio.

Kisha kuna marudio. Ng'ombe wa leo yuko njiani, wa kesho yuko zizini, wa keshokutwa ni mweusi na amelala. Neno ni lile lile. Rangi ilibadilika, mahali pakabadilika, mbio hazikuwapo. Kinachobaki ndicho maana. Linda Smith na Chen Yu walionyesha mwaka 2008 kuwa watoto wa miezi 12 na 14 tu wanaweza kukusanya ushahidi wa namna hii kutoka tukio moja hadi jingine, hata pale ambapo kila tukio kwa peke yake lina utata. Ni kazi ya mahesabu ambayo hakuna mzazi anayemwagiza mtoto aifanye.

Njiani hukosea, na makosa yake yana maana. Mtoto huita "baba" kila mwanamume mwenye kofia, au humwita mbuzi kwa jina la ng'ombe. Mara nyingi akionyeshwa wanyama wote wawili na kuulizwa ng'ombe ni yupi, huonyesha kwa usahihi. Alilitumia jina la ng'ombe kwa sababu la mbuzi halikumjia mdomoni. Kuna kosa la upande wa pili pia, ambalo halichekeshi na kwa hiyo halitambuliwi: kikombe ni kile cha kwake chekundu tu, na vingine vyote si vikombe. Makosa yote mawili hujirekebisha kwa kuishi na watu.

Kazi hii huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walichapisha utafiti ambamo watoto wa miezi sita hadi tisa, wasioweza kusema neno lolote, walielekeza macho kwenye picha ya chakula au kiungo cha mwili ambacho mzazi alikitaja. Huko Marekani, miaka mingi kabla yake, Susan Carey na Elsa Bartlett walikuwa wamechapisha mwaka 1978 jaribio la upande wa watoto wakubwa kidogo, wa miaka mitatu na minne. Mwalimu alimtuma mtoto alete trei moja na si ile nyingine, akitumia neno la rangi ambalo mtoto hakulijua. Mtoto alileta trei iliyotakiwa, na wiki kadhaa baadaye wengi wao walikuwa bado wamebaki na kitu fulani cha neno lile, ingawa maana kamili ilichukua muda mrefu kukomaa. Inafaa kukumbuka kuwa mtoto yule hakuwa katika somo. Alikuwa ametumwa.

Sauti inayopanda

Katika Kikuria, sikio hubebeshwa mzigo wa ziada. Kiswahili huonyesha wakati wa tendo kwa viambishi: alikuja, anakuja, atakuja. Wanaisimu waliochunguza vitenzi vya Kikuria wameeleza jambo lisilo la kawaida hata miongoni mwa lugha za Kibantu. Pamoja na viambishi, huangaliwa mahali sauti inapoanza kupanda. Kutegemea njeo, sauti huanza kupanda kwenye pigo la kwanza la shina la kitenzi, au la pili, au la tatu, au la nne, na irabu ndefu huhesabiwa mapigo mawili. Mtoto wa Kikuria hafundishwi hesabu hiyo na mtu yeyote, na wazazi wake wenyewe huenda wasiweze kuieleza, ingawa hawaikosei.

Kwa mgeni, maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti tu husikika kama neno moja. Kwa mtoto ambaye masikio yake yamejaa usaha kila msimu wa mafua, huenda hali ikawa hiyo hiyo katika lugha ya mama yake mwenyewe. Anasikia kwamba kuna mtu anasema. Hasikii vizuri anasema nini. Wakubwa huona anageuka akiitwa kwa nguvu, wakahitimisha kuwa masikio ni mazima na kwamba tatizo ni ukaidi.

Nani humsemesha?

Ushauri unaotolewa kwa wazazi duniani kote ni huu: zungumza na mtoto wako. Ni ushauri mwema, na umo pia katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, chini ya kile kinachoitwa malezi yenye mwitikio. Lakini unapopelekwa kijijini bila kufikiriwa huweza kusikika kama lawama: kwamba mama anayepalilia mahindi akiwa na mtoto mgongoni, pasipo kumsimulia kila jani, anamnyima mtoto lugha.

Majirani wa karibu wa Wakuria, ambao pia lugha yao inafanana sana na Kikuria, ni Wakisii wa Kenya. Huko Robert LeVine na wenzake walifuatilia malezi ya watoto wachanga kati ya mwaka 1974 na 1976, na matokeo wakayachapisha katika kitabu mwaka 1994. Walipowalinganisha akina mama hao na wenzao wa Boston waliona tofauti kubwa. Mama wa Boston alimsemesha mtoto mchanga mno, akamtazama usoni, akamwuliza maswali na kujijibu. Mama wa Kisii alimbeba, akamnyonyesha, akawahi kilio chake. Maneno yalikuwa machache. Lengo lake lilikuwa mtoto atulie na awe salama, na katika mazingira ambamo watoto wengi walikufa kabla ya kutembea lengo hilo halihitaji utetezi. Watoto wale wa Kisii wakakua, wakasema, wakatumwa, wakaenda shule.

Utafiti wa karibuni zaidi unafanana na huo. Marisa Casillas, Penelope Brown na Stephen Levinson walirekodi siku nzima za watoto wadogo katika kijiji cha Wamaya wanaosema Kitseltal huko Meksiko, na mwaka 2020 wakaripoti kuwa mtoto alielekezewa maneno kwa wastani wa dakika 3.6 tu katika saa moja. Hata hivyo watoto hao walifikia hatua za kubwabwaja, neno la kwanza na kuunganisha maneno karibu katika umri ule ule unaotarajiwa kwingineko. Nameera Akhtar naye ameonyesha katika majaribio kadhaa kuwa mtoto wa miaka miwili anaweza kujifunza neno kwa kusikiliza tu mazungumzo ya watu wengine wawili, mradi yuko karibu na anafuatilia.

Haifai kutoka hapo na kusema kuwa maneno hayana kazi. Katika uchunguzi wa familia zinazosema Kihispania nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, watoto walioelekezewa maneno mengi zaidi walikuwa na msamiati mkubwa zaidi baadaye, na maneno waliyoyasikia kwa mbali tu hayakuonyesha faida hiyo. Yamkini jamii hutofautiana katika namna ya kumweka mtoto ndani ya mazungumzo: mahali pengine huwekwa mbele ya uso wa mama, mahali pengine katikati ya kundi la watoto. Katika maboma mengi ya vijijini, mwalimu wa lugha wa kila siku ni dada au kaka wa miaka saba au minane, ndiye anayembeba, anayemtania, anayemwamuru. Kampeni inayozungumza na mama peke yake inamruka mwalimu huyo.

Simu nayo imeingia humo. Mtoto hupewa simu yenye video ili atulie, na mama hufarijika kuona anarudia herufi za Kiingereza. Judy DeLoache na wenzake walipima mwaka 2010 watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama mara nyingi, kwa mwezi mzima, video iliyotengenezwa ili kufundisha maneno. Hawakujifunza zaidi ya watoto ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walijaribu kuwafundisha maneno yale yale katika shughuli za kawaida za nyumbani. Video haioni mtoto anatazama wapi. Baba aliye Mwanza au Dar es Salaam anayempigia mtoto kwa video ni jambo jingine, kwa maana yeye hujibu, husubiri, na hucheka panapostahili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi muda wa kioo kwa watoto walio chini ya miaka miwili.

Kipimo kilichopo tayari

Katika miaka ya 1970 na 1980 Robert Serpell alifanya kazi miongoni mwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia. Badala ya kuwapelekea wanakijiji mtihani, aliwauliza watu wazima: kama kuna ujumbe au kazi, ungemtuma mtoto yupi kati ya hawa, na kwa nini? Wazee hawakusita. Walikuwa na majibu yenye sababu, na ndani yake mlikuwa na picha kamili ya akili kama wao wanavyoiona: kuelewa, kukumbuka, na kuaminika. Charles Super na Sara Harkness walikuta jambo la namna hiyo hiyo kwa Wakipsigis wa Kenya.

Kutumwa hakuhitaji kutafsiriwa Itiryo wala mahali popote Afrika Mashariki. Kila mzazi anajua kama mtoto wake "anatumika" au bado. Kwa mhudumu wa afya, hiki ni kipimo cha uelewa wa maneno kilicho tayari nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, na kisichohitaji picha za vitu ambavyo mtoto hajaviona. Karibu na mwaka mmoja, mtoto hufuata agizo dogo likisindikizwa na ishara: mkono ulionyooshwa na neno "nipe". Ifikapo miezi 18 hufuata agizo moja bila ishara, kama vile kuleta kiatu. Karibu na miaka miwili anaweza agizo lenye hatua mbili: chukua kikombe, mpelekee bibi.

Ishara ndiyo yenye kudanganya. Mama akisema "leta kikombe" huku akikitazama na kukinyooshea kidole, mtoto asiyesikia kabisa atakileta vilevile na kusifiwa. Kwa hiyo mama aombwe kuagiza kwa lugha yake, mikono ikiwa imetulia na macho yakimtazama mtoto, na vitu viwili anavyovijua mtoto viwe mbele yake, kwa mfano kikombe na kijiko. Huchukua dakika moja. Muuguzi asiyejua Kikuria hahitaji kulielewa neno. Anahitaji kuona kama mtoto amelielewa.

Katika kuhesabu maneno anayotamka mtoto, lugha zote huingia kwenye hesabu moja. Barbara Pearson na wenzake walionyesha mwaka 1993, kwa watoto wa lugha mbili huko Miami, kwamba lugha moja ikihesabiwa peke yake mtoto huonekana yuko nyuma, na zote mbili zikijumlishwa pengo hutoweka. Mtoto mwenye maneno 35 ya Kikuria, 12 ya Kiswahili na manne ya Kijaluo amevuka maneno 50, kiasi kinachotarajiwa kufikia umri wa miaka miwili. Neno halihitaji kutamkwa sawasawa. Sauti ile ile inayotumiwa kila mara kwa kitu kile kile ni neno. Na mama asiyejua kusoma anaweza kutoa hesabu hiyo vizuri. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Katie Alcock na wenzake walitayarisha orodha za maneno kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi huulizwa kwa mdomo badala ya kupewa karatasi ajaze, na zilifanya kazi.

Kutokana na hayo, ushauri wa kumwambia mama aache kusema Kikuria na mtoto ili Kiswahili "kisichanganyike" hauna msingi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Mama akiacha lugha anayoimudu na kushika asiyoimudu, mtoto hupoteza mazungumzo yenyewe: utani, makaripio, hadithi za jioni, majina ya ndugu. Hali kadhalika, kukata utando wa chini ya ulimi au kukata kimeo hakumpi mtoto maana ya neno lolote. Utando mfupi huweza kusumbua unyonyaji na, kwa wachache, utamkaji wa baadhi ya sauti. Hausababishi mtoto kutoelewa. Kimeo kikikatwa nyumbani, kinachokuja ni kuvuja damu na maambukizi.

Pale maana isipofika

Wapo watoto ambao hawatumiki kwa sababu hawasikii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Baadhi yameshapunguzwa kimyakimya na chanjo: ile dhidi ya Hib, mojawapo ya visababishi vya homa ya uti wa mgongo, iliingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2009, ya nimonia ikafuata miaka michache baadaye, na rubela, ambayo ikimpata mjamzito humwacha mtoto kiziwi, ilianza kuchanjwa pamoja na surua mwaka 2014. Mama anayeruka chanjo ya surua na rubela kwa kuwa "mtoto mzima" hajui kuwa anacheza pia na masikio ya mtoto wa jirani aliye tumboni.

Sikio linalotoa usaha halipaswi kuzoeleka. Likiwa na chini ya siku 14 hutibiwa kwa dawa ya kumeza kama mwongozo unavyoelekeza, na hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi. Likipita siku 14 ni ugonjwa sugu, na matone ya dawa huhitajika pamoja na kukausha. Mafuta ya moto, maziwa au majani hayaingizwi sikioni. Aliyepona homa ya uti wa mgongo, aliyekuwa na manjano kali alipozaliwa, au aliyetibiwa kwa gentamaisini akiwa mchanga, apimwe usikivu hata kama anaonekana mchangamfu. Dawa ile huokoa maisha na haipaswi kuogopwa, ila mtoto afuatiliwe. Waliopona malaria iliyopanda kichwani nao waangaliwe. Uchunguzi wa Kilifi umeonyesha kuwa baadhi yao hubaki na upungufu wa lugha ambao hauonekani siku ya kuruhusiwa kutoka wodini.

Wengine husikia vizuri, ila hawafuati kidole, hawaonyeshi mtu kitu kwa ajili ya kumshirikisha tu, na hawageuki wakiitwa jina ingawa hugeuka wakisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa. Hapo usonji unapaswa kufikiriwa. Hautokani na mama kutomsemesha mtoto, wala na laana.

Asiyebwabwaja wala kuonyesha kwa kidole afikapo mwaka mmoja, asiye na neno lolote miezi 16 hadi 18, asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akiwa na miaka miwili, aandikiwe rufaa badala ya kuambiwa asubiri kwa sababu mjomba wake naye alichelewa. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno akayapoteza apelekwe mara moja. Kutoka Tarime njia huenda hospitali ya wilaya, kisha Musoma, na Bugando mjini Mwanza. Kwa wachache, huishia Muhimbili, ambako upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulianza mwaka 2017. Ni safari ndefu na ya gharama, na mwenye mtoto ana haki ya kuelezwa kabla ya kuondoka nyumbani atakachopimwa na kwa nini umri una uzito.

Kinachosahaulika katika safari hiyo ni miezi ya kusubiri. Mtoto kiziwi ana akili ile ile ya kukisia maana, na huitumia kwa macho. Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha mwaka 1991 kuwa watoto viziwi wanaolelewa na wazazi watumiao lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono, katika umri ambao wenzao hubwabwaja kwa mdomo. Tanzania ina lugha yake ya alama, na familia haihitaji kungoja kifaa wala mtaalamu ili ianze alama chache za nyumbani: maji, kula, ng'ombe, bibi, leta. Dada anayembeba ajifunze pia, na wale wanaocheza naye. Kikombe na kijiko viwekwe mbele ya mtoto, alama ifanywe mara nyingi kila siku mbele ya macho yake, na baada ya muda mama aone kama mtoto anaweza kutumwa.